Mwaka Niliompikia Baba Mkwe

Wifi yangu Robhi alinipigia simu asubuhi nikiwa namenya karoti, akasema, "Mama ametutoka." Nikampa pole. Nikamuuliza maziko ni lini, nikakata simu, nikamalizia karoti zangu, kwa sababu wateja wangu wa chakula cha mchana hawajui habari za misiba ya mtu. Mume wangu Marwa aliporudi nilimweleza taratibu, nikamshika mkono. Alikuwa mama yake, na mtu hachagui tumbo la kutokea. Kesho yake tukaenda Genkuru, kijijini kwao. Pale nyumbani wanawake walikuwa wamejaa jikoni, wengine wanamenya ndizi, wengine wanaosha masufuria ya kuazima, nami nikapewa ungo wa mchele nichambue. Jirani mmoja mnene, ambaye sikumkumbuka jina, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama huyu alikuwa mama wa watu. Hakuna aliyeingia hapa akatoka na njaa." Wenzake wakaitikia, kweli kabisa, kweli kabisa. Niliinua macho kutoka kwenye mchele nikamtazama Robhi. Robhi akatazama chini. Mimi sasa nina wajukuu, na watu wa rika langu wananiambia hasira huisha yenyewe kama homa, mtu akikaa kimya inatoka na jasho. Yangu haikutoka. Nilikaa nayo pale na ungo mapajani, nzima, kama ilivyokuwa mwaka ule.

Mwaka ule ndipo Marwa aliponioa na kunileta hapo. Kabla yake nilikuwa nafanya kazi kwenye jiko la kambi moja ya watalii upande wa Serengeti, nikifunga vyakula vya mchana vya wageni waendao kuangalia wanyama, na ninasema hivyo mapema kwa sababu mama mkwe alilisema kila siku kama vile ni kosa la jinai. "Huyu amezoea kupikia wazungu." Chumba tulichopewa kilikuwa cha pembeni, kuta za udongo zilizopakwa chokaa nusu, dirisha moja la mbao. Ukilifungua unaviona vilima vya mawe yaliyotolewa mgodini, vya kijivu, visivyoota hata jani, na upepo ukivuma kutoka huko vumbi lake linatua kwenye shuka. Marwa alikuwa fundi wa magari kwa mkandarasi mmoja, analala kambini kazini, anakuja nyumbani siku za mapumziko tu. Siku zote nyingine nilibaki na watu wake. Asubuhi ya kwanza nilikwenda mlango wa jiko nikapiga goti. "Shikamoo mama." Alikuwa anapuliza moto. Aliendelea kupuliza mpaka kuni zikashika, akaweka sufuria, akafuta mikono kwenye kanga, ndipo akasema, "Moto huu ni wangu. Ukitaka kupika, utasubiri niondoe sufuria yangu." Marahaba sikuipata siku hiyo wala iliyofuata. Na sufuria yake haikuondoka. Maharage yakiiva anateleka maji, maji yakichemka anaweka magimbi, magimbi yakiiva anasema moto umechoka. Marwa aliporudi akanikuta nakula ugali wa baridi aliouacha Robhi kwenye sahani, akaninunulia jiko dogo la mkaa nikaliweka nyuma ya chumba chetu. Ile ikawa vita rasmi. "Nyumba moja, mioto miwili," mama mkwe aliwaambia majirani. "Mmesikia wapi?"

Baba mkwe alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyependa kukaa barazani na redio yake. Mimi naye hatukusemezana. Kwetu kuna heshima kati ya mkamwana na baba mkwe, tunaiita ensoni: humwangalii machoni, humpi mkono, huingii anapolala, na chakula ulichompikia humwekei mbele yake wewe mwenyewe. Unampa mama mkwe, naye ndiye anampelekea. Nilikulia katika heshima hiyo kwetu Busawe na sikuwahi kuiona kuwa mbaya. Basi mzee akaanza kukonda. Alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, anaamka mara kwa mara kwenda chooni, miguu inawaka moto. Marwa akampeleka hospitali mjini, wakarudi na vidonge vya kisukari na maelekezo: apunguze ugali, apunguze mafuta, mboga ziwe nyingi, na akishameza dawa asikae bila kula. Hilo la mwisho Marwa alilirudia mara mbili mbele ya mama yake, nami niliyasikia maneno hayo kupitia ukuta. Mama mkwe akajibu, "Baba yako amekula ugali tangu azaliwe. Leo ugali umekuwa sumu?" Marwa akaja chumbani akakaa kitandani, akaniambia, "Wewe ulikaa jikoni kwa watu wanaopima chakula. Huwezi kumfikiria mzee kitu cha mchana?"

Nikafikiria makaroni. Kule kambi ya watalii tulikuwa tunatengeneza saladi ya makaroni na kuku, inaliwa baridi, na nilijua nikiitengeneza kwa vitu vya hapa haitamwumiza mtu mfuko. Kilichonivutia zaidi, nisiseme uongo, ni kwamba chakula kile hakihitaji moto wa mchana. Saa za mchana ndizo mama mkwe alizotawala. Mimi ningewasha jiko langu asubuhi, nikamaliza, kikapoa chenyewe. Kuku mmoja wa kienyeji nilimchemsha polepole na tangawizi na vitunguu saumu mpaka nyama ikaanza kuachia mfupa, nikamchambua vipande vidogo vidogo, ngozi nikaiweka pembeni, na mchuzi nikautunza wa kupikia mboga za jioni. Kuku huyo akichambuliwa hivyo analisha mtu siku kadhaa, ilhali akikatwa mapande anaisha kwa mlo mmoja. Makaroni nilichemsha kidogo tu, yakiwa bado na ugumu katikati, nikayachuja na kuyamwagia maji ya baridi yasigandane. Halafu mboga, na mboga ndizo zilizojaza bakuli: kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, karoti ya kukwaruza, hoho, tango, nyanya iliyotolewa maji yake, kitunguu kilicholowekwa kwenye chumvi kikapoteza ukali. Kambini walitumia mayonezi. Mimi nilichukua maziwa mgando, ambayo katika nyumba yenye ng'ombe hayanunuliwi, nikayapiga na maji ya limau, pilipili manga na chumvi kidogo, nikachanganya vyote na kunyunyizia giligilani juu. Nikaonja. Nilijua kimekaa sawa.

Nilimpelekea mama mkwe mlangoni bakuli limefunikwa sahani. Alifunua akatazama muda mrefu, akachukua kijiko akafukua kama mtu anayetafuta sindano.

"Firigisi iko wapi?"

"Nimeikata, mama. Iko humo humo ndani."

"Umeikata." Akaniangalia. "Firigisi ya mwenye nyumba umeikatakata ukaichanganya na kabichi."

"Ataila yote, mama. Hakuna mwingine atakayekula."

"Paja liko wapi? Kidari kiko wapi? Mtu ataonaje kama amepewa kuku wake au amepewa mabaki? Kwenu Busawe wanaume wanakula hivi?"

Robhi alikuwa pale anaosha vikombe. Wakati ule alikuwa msichana wa kuolewa karibuni, mpole, mwoga wa mama yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kinanukia vizuri, mama." Mama mkwe akamgeukia kwa jicho ambalo lilimrudisha kwenye vikombe vyake. Lakini bakuli lilikwenda. Nilirudi chumbani nikakaa chini ya dirisha, na kwa kuwa baraza ilikuwa upande wa pili wa ukuta nilisikia kijiko kikigonga bakuli, kikigonga, kikigonga, halafu kimya, halafu sauti ya mzee. "Hiki nani kapika?" Mama mkwe akajibu, "Mke wa mwanao." Mzee akasema, "Mwambie na kesho." Katika muda wote niliokaa pale hayo ndiyo maneno mazuri niliyopata, na niliyapata kupitia udongo.

Basi nikawa napika kila siku. Siku isiyo na kuku niliweka maharage yaliyochemshwa au yai, siku ya mnada Robhi aliniletea kuku kwa siri ya waziwazi, maana mzee mwenyewe ndiye aliyemtuma. Mzee akaanza kurudi. Kiu ikapungua, akatembea mpaka kwa rafiki zake na kurudi bila kupumzika njiani. Na kadiri alivyopata nguvu, ndivyo nyumba ilivyozidi kunichukia. Mama mkwe aliwaambia wanawake kisimani kwamba nampa mume wake minyoo ya baridi. Alisema mwanamke anayejua sana kulisha mume wa mwenzake anatafuta kitu. Kuna siku nilikuta maziwa yangu mgando yametiwa chumvi mpaka hayaliki; nikayamwaga, nikaomba mengine kwa jirani, nikarudi nayo yamefunikwa kwa kiganja. Kuna siku jiko langu la mkaa nilikuta limepinduliwa na majivu yametapakaa mlangoni kwangu. Sikuuliza. Nilifagia, nikawasha tena. Leo watu huniambia ningekwenda nikaongea naye kama mtu na mama yake, na mimi huwauliza, ningeanzia wapi? Shikamoo yenyewe ilikuwa bado haijaitikiwa.

Siku ile ilikuwa ya jua kali, kabla mvua hazijaanza. Nilimpa mama mkwe bakuli kama kawaida, akalipokea bila neno, nikachukua ndoo nikaenda kisimani ambako foleni ilikuwa ndefu. Nikiwa njiani kurudi nilisikia kelele. Nilimkuta mzee amelala barazani, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka, anamwita ng'ombe aliyekufa zamani. Majirani walikuwa wameshafika. Mama mkwe aliponiona alininyooshea kidole, na hilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba kidole chake hakikutetemeka. "Huyo! Amekula chakula cha huyo na hali imekuwa hii! Nimesema siku zote, mkanidharau!" Mtu mmoja akaniuliza nimetia nini. Mwingine akasema nishikwe nisikimbie. Ndoo ilikuwa bado kichwani. Jirani mwenye pikapu akafika, wakampakia mzee, na mimi wakanisukumia nyuma pamoja naye, si kwa huruma, bali ili daktari akiuliza sumu gani niwepo wa kujibu.

Hospitalini nilisimama karibu na mlango, maana hata katika hali ile sikuweza kumsogelea kitandani. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, ana haraka. Alimtoboa mzee kidole, akaangalia kipimo chake, akauliza, "Amekula saa ngapi?"

"Mchana huu," mama mkwe akasema. "Amekula makaroni ya huyu."

"Na dawa zake za sukari?"

"Amemeza."

"Sukari imeshuka vibaya. Huyu amemeza dawa tumbo tupu."

"Nakwambia amekula!"

Muuguzi alimwekea dripu, akakaa kitandani kwake, na baada ya muda mzee akafumbua macho, akajua yuko wapi. Muuguzi akamwinamia. "Baba, leo mchana umekula nini?" Mzee akalamba midomo. Akasema, kwa sauti ndogo lakini iliyotosha chumba kile, "Sijala. Tangu uji wa asubuhi sijaletewa kitu." Muuguzi akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe akautazama ukuta. Nilimtazama yeye, na nikamsubiri mzee aseme zaidi, lakini akafumba macho.

Tuliporudi nyumbani nilizunguka nyuma ya jiko la mama mkwe. Sikuwa natafuta chochote, miguu ilinipeleka. Kuku walikuwa wamekusanyika kwenye shimo la takataka wanadonoa makaroni yangu kwenye udongo, wanagombania vipande vya kuku mwenzao. Nilimwita Marwa, ambaye alikuwa amefika kwa kupewa ruhusa kazini, nikamwonyesha. Alisimama pale akatazama. Alichukua kijiti akafukua, akaona kabichi, akaona karoti. "Umeona?" nikamuuliza. Akasema, "Nimeona." Nikamuuliza atasema nini mbele ya wazee wa ukoo, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshawaita. Akasema, "Tuwasikilize kwanza."

Wazee walikaa uani kwenye viti vya kuazima. Kaka wa baba mkwe, aliyeitwa Mwita, ndiye aliyeongoza. Mama mkwe alieleza mambo yake kwa machozi: mioto miwili, chakula cha wazungu, firigisi iliyokatwakatwa, mume wake kuanguka. Nikapewa nafasi. Nikasema sina maneno mengi, aulizwe baba mwenyewe, kwa kuwa nilimsikia hospitalini kwa masikio yangu. Mzee Mwita akamgeukia ndugu yake. "Siku ile ulikula chakula cha huyu binti, au hukula?" Hata waliokuwa nje ya ua wakasogea. Baba mkwe alikuwa amekaa na mikono yote miwili juu ya fimbo yake. Alimtazama mke wake. Kisha akatazama fimbo. "Sikumbuki vizuri," akasema. "Nilikuwa mgonjwa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama Marwa. Marwa alikuwa anatazama viatu vyake. Ikaamuliwa kwamba nisipike tena chakula cha mtu yeyote katika boma lile mpaka wazee wajiridhishe, na kwamba mambo ya nyumbani yasitoke nje. Ndivyo walivyosema, yasitoke nje, na wote walishajua kuanzia kisimani mpaka sokoni. Mama mkwe namweka upande wake. Alinichukia, akafanya kama mtu anayechukia. Lakini mtu aliyekula kwa mkono wangu miezi yote ile akainuka tena kwa miguu yake, huyo ndiye aliyenivunja. Kesho yake asubuhi nilifunga masufuria yangu kwenye shuka, nikabeba jiko la mkaa, nikapita mbele ya baraza alipokaa na redio yake. Sikuaga.

Nilipanga chumba mjini, mtaa wa Nyamisangura, chumba kimoja chenye kibaraza, jirani na fundi cherehani na wauza mitumba. Sikujua kitu kingine cha kufanya isipokuwa kile kile. Nikaanza kuuza saladi ya makaroni mchana kwenye mabakuli. Mwanzo walicheka, chakula baridi, mama, unatuonaje? Halafu fundi cherehani akaonja kwa sababu hakuwa na muda wa kusubiri ugali uive, akarudi kesho yake na wenzake. Bei ilikuwa ya mtu wa kawaida na mlaji hasinzii mchana. Marwa alikuja baada ya muda, na begi. Alisimama mlangoni akasema, "Niliogopa." Nikamwambia, "Najua. Ingia." Sikusema nimekusamehe, na yeye hakuuliza, na tumeishi mpaka leo tukilikwepa neno hilo kama watu wanavyokwepa shimo wanalolijua.

Karibu na mwisho wa mwaka baba mkwe akatokea. Alikuwa ametoka kliniki ya sukari, vumbi mpaka magotini, mwembamba tena kama zamani. Alikaa kwenye benchi langu katikati ya wateja, hakunitazama, akamwambia fundi cherehani, "Mwambie mwenye chakula anipe na mimi." Fundi akanitazama. Nilikuwa na bakuli mkononi tayari. Halafu nikafanya jambo ambalo mama yangu mzazi angekufa akilisikia. Nilimsogelea mzee, nikasimama mbele yake, nikamtazama machoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema, akageuza uso.

"Siku ile ulikula chakula changu, au hukula?"

Alijibu kwa Kikurya, chini chini, kwamba mambo hayo ni ya nyumbani. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Nyumbani niliuliza. Hawa hapa ndio wanaokula chakula changu, na wengine wamesikia kwamba nililisha mtu sumu. Waambie." Fundi cherehani aliweka kijiko chini. Mwanamke wa mitumba akasema, "Dada, ni mzee huyo, mwache." Sikumwacha. Mzee mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na nilijua ni kwa nini, nilijua ameshameza dawa, nilijua dakika zake zinavyokwenda, na bado nilisimama na bakuli. Hatimaye akainua kichwa, akawaambia wateja wangu, si mimi, "Sikula. Mke wangu alikimwaga. Binti huyu hakunifanyia ubaya." Nikamwekea bakuli mapajani kwa mkono wangu. Alikula yote akakwangua chini. Kila siku ya kliniki alirudi, akala, akaenda, mpaka miaka yake ilipokwisha. Genkuru hakulisema neno lile hata mara moja. Na mama mkwe aliishi miaka mingi baada yake, akaona watoto wangu wakikua, akazungumza nami habari za mvua na za bei ya mahindi, na hilo hakuligusa.

Siku ya maziko, baada ya mchungaji kumaliza, mwongozaji wa shughuli alishika kipaza sauti akasema tumsikie mkamwana mkubwa, atuambie alichojifunza jikoni kwa mama. Nadhani jirani yule mnene ndiye aliyempa wazo hilo. Nikapita mbele. Watu walikuwa wengi, jua limewaka, jeneza liko pale na mashada yake. Nikasema, "Katika jiko la mama nilijifunza jambo moja. Mgonjwa umpelekee chakula kwa mkono wako mwenyewe, ukae pale mpaka amalize." Umati ukaitikia, "Amina." Jirani mnene alipangusa machozi. Marwa hakuitikia, wala Robhi. Nikamrudishia yule bwana kipaza sauti chake, nikaenda kukaa.